Mapasa wa Papa

Siku tuliyomzika Papa, mtu aliyesoma maisha yake mbele ya waombolezaji alimwita Profesa, na hakuna aliyemsahihisha. Papa mwenyewe angemsahihisha. Angeinua kidole kidogo tu, kwa ile adabu yake iliyokuwa ikimkera Maman, na kusema, "Pardon, mi si Profesa. Mi niko chef de travaux." Nilisimama kando ya kaburi, udongo wa Kamembe umenishika viatu, nikaung'ata ulimi wangu. Aitwe tu leo, nikajiambia. Maiti hana mdomo wa kukataa cheo.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu huu mtakumbuka utamu wa neno hilo. Katika vyuo vya Bukavu, ng'ambo ya mpaka wetu, chef de travaux ni mwalimu aliyekwisha kuvuka ngazi ya usaidizi lakini hajapata udaktari, na bila udaktari hapandi tena, atakaa pale hadi nywele ziote mvi. Lakini mtaani kwetu "travaux" ilikuwa ni kuchimba, kubeba mchanga na kuchanganya simenti. Kwa hiyo majirani waliamini baba yangu ni mkubwa wa mafundi wa barabara. Mvua ikibomoa mfereji, walibisha kwetu. "Chef, ile caniveau imeanguka, utatuma bantu lini?" Papa alieleza kwa upole kwamba yeye anafundisha hesabu, wao wakaitikia kwa kichwa kwa heshima, na mvua iliyofuata wakarudi. Shuleni nilijisifu kwamba barabara ya kushuka mpakani aliijenga Papa. Masikini Papa, hata mwiko wa fundi asingejua aushike upande gani.

Kazi yake halisi ilikuwa kuchora vituo na kuvifunga kwa nyuzi. Wenyewe wanaiita nadharia ya grafu, na tawi lake yeye lilikuwa lile linaloichanganya michoro hiyo na aljebra. Nilipomuuliza, hakunifukuza kama baba wengine. Alinikalisha chini kwenye mkeka, akapanga vifuniko vya chupa za soda, akavifunga kwa uzi aliouomba kwa Mzee Haruna, fundi cherehani wa jirani. "Hii ni Kamembe, hii ni Nkanka, hii ni Bukavu. Kwenye kuko njia, unaandika moja. Kwenye hakuna, unaandika zero." Akajaza jedwali la sifuri na moja. Kisha akasema jedwali hilo likipigwa hesabu linatoa namba zake lenyewe, na namba hizo ni kama mlio wa sufuria ukiigonga. Sikuelewa jedwali, ila sufuria niliielewa vizuri, kwa sababu Maman hakununua sufuria sokoni bila kuigonga kwa kidole na kutega sikio.

Swali la maisha ya Papa lilikuwa hili: ukisikia mlio tu, unaweza kujua sufuria ina umbo gani? Kwa michoro mingi, huwezi. Iko michoro miwili tofauti kabisa inayotoa namba zilezile, na Papa aliiita mapasa, maana kwetu pacha ni mapasa. Yeye aliamini kwamba aina moja ya michoro, kundi moja maalumu la ile iliyotawanyika kama matawi ya mti, haina mapasa hata mmoja. Kila mti na mlio wake. Hilo ndilo alilokuwa amelithibitisha katika tasnifu yake, ukurasa kwa ukurasa, miaka yote ya utoto wangu, kwenye meza ileile tuliyokatia vitunguu.

Maman yeye alikuwa anauza sambaza. Ni mzaliwa wa Nkungu, mkulima mtoto wa wakulima, lakini ndoa ilimleta mjini na mji ukamfundisha biashara. Asubuhi alipokea samaki kutoka kwa wavuvi wa Nkanka, wadogo, weupe, wangali na baridi ya ziwa, akajaza beseni, akajitwisha, akashuka mpakani, Rusizi ya Kwanza, kuvuka daraja kwenda Bukavu. Papa naye alivuka daraja hilohilo kwenda kufundisha. Walitoka nyumbani pamoja, lakini wakikaribia mpaka Maman alimwamuru atangulie. "Batoto ba chuo basikuone na harufu ya samaki." Papa hakujali harufu. Maman ndiye aliyejali, kwa niaba yake. Hata hivyo tasnifu nzima ilinuka sambaza. Mpaka leo nikipita penye sambaza wabichi nahisi kama nimeingia maktaba.

Kati yao kulikuwa na ahadi, na sisi nyumbani tuliijua kama tulivyojua sala ya chakula. "Siku unapata ile doctorat," Maman alisema akijikanda shingo, "mi naweka beseni chini. Nitaigeuza, niikalie, niangalie benzangu bakipita." Shingo yake ilikuwa imeanza kugoma. Alipogeuka kukutazama aligeuka mwili mzima. Daktari alimwambia aache kubeba mizigo kichwani, na Maman akamuuliza daktari kama ana kichwa kingine cha kumwazima.

Basi mwaka ule, siku ya kutetea tasnifu ikapangwa. Soutenance! Neno hilo lilitembea mtaani kama habari ya harusi. Msimamizi wake, promoteur, mzee mmoja wa Ulaya, angekuja mwenyewe hadi Bukavu. Mzee Haruna alipima suti ya Papa, akapima na kitenge cha kufanana cha mimi na Maman, cha buluu chenye ndege wa njano. Babu wa Nkungu aliahidi mbuzi. Maman alianza kuwaaga wateja wake wa Bukavu mmoja mmoja, kwa madaha kidogo, na sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Papa alikuwa mezani akitafuta mfano rahisi wa kuwaonyesha watu siku ile, kitu ambacho hata mbuzi wa babu angekielewa. Mimi nilikuwa chini ya meza na vifuniko vyangu. Niliisikia kalamu yake ikienda, ikasimama. Ikaenda tena, polepole. Miguu yake, ambayo siku zote ilicheza akipiga hesabu, ilitulia kabisa. Kisha akasema, si kwa nguvu:

"Nimepata mapasa."

Maman alikuwa mlangoni anachagua mchele. Ungo ulisimama mikononi mwake.

"Na nani?" akauliza.

"Maman Zawadi, haiko hivyo."

"Nimeuliza na nani. Ni mwanamuke wa Bukavu?"

"Kuya hapa nje nikuelezee."

Wakatoka uani. Wakaongea kwa minong'ono, kama walivyofanya kwa mambo yasiyonihusu, na nikamwona Maman akikaa chini kwenye ngazi ya jikoni, ungo umeanguka, mchele umemwagika, na kuku wa jirani wanajipatia Pasaka yao. Alikuwa analia. Kwangu mimi mambo yalikuwa wazi kama mchana. Papa amezaa nje. Amezaa mapacha. Ni nini kingine kinachoweza kumliza mke hivyo? Hata Maman mwenyewe ndivyo alivyodhani kwanza. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Ingekuwa mwanamuke, ningejua namna ya kupigana naye."

Siku zilizofuata Papa alikwenda kazini na kurudi, hakugusa karatasi. Mimi nilikaa karibu na milango, kama wanavyokaa watoto nyumba inapokuwa na siri, na kila nilichosikia kilizidi kunithibitishia.

"Nani mwingine anabajua?" ilikuwa sauti ya Maman.

"Hakuna."

"Ata promoteur?"

"Hajue."

"Basi ubafiche. Nyuma ya soutenance ubatoe, useme umebaona leo. Nani atakuuliza? Bale ba jury bote, kuko hata mumoja angebaona yeye mwenyewe?"

"Hapana. Ni kazi ya muda mrefu. Mi mwenyewe nimebaona kwa bahati."

"Sasa?"

"Maman Zawadi, beko."

Beko. Wapo. Alisema neno hilo moja kwa uchovu, kama mtu anayetaja mvua. Nami ndani nilishika mdomo kwa hofu. Wanataka kuwaficha watoto! Watoto wawili wachanga, mahali fulani Bukavu, wafichwe mpaka sherehe ipite! Niliwapenda hapohapo. Niliwapa na majina, ya kwetu ya kawaida, wa kwanza Gakuru na wa pili Gato. Nikasukuma nguo zangu upande mmoja wa kitanda ili wapate nafasi ukutani, wasije wakaanguka.

Kisha nikakumbuka kwamba wageni hao hawatakuwa na sare ya sherehe. Nikaenda kwa Mzee Haruna na kumwomba ashone nguo mbili ndogo kwa vipande vitakavyobaki vya kitenge chetu.

"Ndogo za nani, mutoto?"

"Za mapasa wetu."

Mzee Haruna alivua miwani. Alikuwa mtu wa dini, mwenye watoto tele na wajukuu zaidi, na habari ya uzazi kwake ilikuwa habari njema bila swali la pili. Jioni Maman alipopanda kilima kutoka mpakani, beseni tupu kichwani, Mzee Haruna alitoka barazani amenyanyua mikono.

"Mashallah, Maman Zawadi! Kumbe ni mapasa! Mutoto amenieleza yote. Mungu akutie nguvu!"

Wanawake waliokuwa barazani wakapiga vigelegele. Mmoja akamtua beseni, mwingine akamshika tumbo. Maman alinitazama, mwili mzima umegeuka, kisha akacheka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilianza kama cha mtu aliyefurahi kweli na kikaishia pabaya. Angewaeleza nini wale mama? Kwamba mapasa ni michoro miwili ya kalamu? "Murakoze," akasema. "Asante, Mzee." Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Nilijua nimekosea kitu, lakini sikujua ni kipi. Nikamfuata Papa pale alipokaa, nyuma ya nyumba, anatazama upande wa ziwa bila kuliona. Nikamwambia yale niliyoyabeba kwa siku zote hizo. Kwamba asiwafiche. Kwamba mimi sina wivu. "Batalala na mimi. Nimeshatoa nafasi."

Papa hakuelewa mara moja. Alipoelewa, sura yake ilifanya mambo mengi kwa pamoja, akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu hadi kifungo cha koti kikaniumiza shavu. Kisha akaniambia nilete vifuniko na uzi.

Alivipanga kwenye saruji ya ua. Mti mmoja ulikuwa na tawi refu linalokwenda mbali peke yake. Mwingine ulikuwa umejikunja, vijitawi vifupi kila upande.

"Njo bao," akasema. Ndio hao.

Niliwatazama kwa muda. Nakiri nilihuzunika, nilikuwa nimekwisha kuwazoea wale wa nyama na damu. "Hawafanane," nikasema.

"Hata kidogo. Lakini ukibaita, banaitika na sauti moja. Na mi nimeandika kwenye thèse kama hawa hawako duniani."

"Maman anasema ubafiche."

"Ee. Anasema."

"Na kama haungebaona?"

Papa aliondoa kifuniko kimoja, akakirudisha mahali pake. "Bangekuwa tu," akasema.

Asubuhi alivaa shati jeupe, akateremka mpakani, na mara hii hakutangulia. Walitembea pamoja hadi darajani, Maman na beseni, Papa na mkoba. Akavuka, akaenda kwa wakubwa wake wa chuo na kuwaonyesha mapasa wake. Wakamsikiliza. Wakamshukuru kwa uaminifu, jambo ambalo hugharimu nusu dakika. Soutenance ikaahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa.

Haikutangazwa. Promoteur alimpigia simu kutoka Ulaya, akamwambia kwamba thèse imevunjika kiunoni lakini asikate tamaa. Aliandike kosa lenyewe, aitoe michoro ile miwili kama makala fupi yenye jina lake, kisha watafute njia nyingine. Papa akaitikia, oui Professeur, oui Professeur. Kabla njia nyingine haijapatikana, mzee yule akastaafu, na aliyeshika kiti chake hakumjua Papa wala Bukavu. Mara nyingi nilimwona Papa akiitoa ile karatasi ya mapasa, akaiweka mbele yake, akachonga penseli hadi iwe sindano, akairudisha. "Nitaandika," alisema. Nadhani aliona haya. Kuandika jina lake juu ya kitu kilichomvunja kulikuwa kama kusaini hukumu yake mwenyewe. Nilimkasirikia kwa jambo hilo kwa miaka, zaidi kuliko kwa lile la kusema ukweli.

Suti ilibaki kwa Mzee Haruna mpaka akaipunguza kwa ajili ya mteja mwingine, kwa ruhusa yetu. Mbuzi wa babu aliliwa Krismasi. Na kwa kuwa mtaa ulikuwa umeshahesabu mimba ya Maman, na miezi ikapita bila watoto kuonekana, wakaanza kuja mmoja mmoja kutoa pole. Walileta sukari na unga, wakaketi na Maman, wakainamisha vichwa. Maman alizipokea pole zote na hakuwasahihisha. Nilipomuuliza kwa nini anadanganya watu, alinijibu kwamba hajadanganya mtu, pole zimefika kwenye nyumba yake.

Akaendelea kushuka mpakani. Wateja aliokuwa amewaaga walimcheka kidogo siku ya kwanza, kisha wakanunua. Siku ulipofungwa mpaka alirudi na samaki, tukala sambaza mpaka tukachoka, siku ulipofunguliwa akateremka tena. Papa aliwafundisha wa mwaka wa kwanza aljebra ileile ya mwanzo, kizazi baada ya kizazi, na baadhi ya wanafunzi wake wakaenda mbali, wakarudi madaktari, wakawa wakubwa zake. Ni wao waliogawa vipindi. Walimheshimu sana na kumpa vile vya mchana, saa za usingizi.

Nilikuwa nakaribia kumaliza sekondari pale jambo lenyewe lilipokwisha. Tulikuwa mezani, mchana, ugali na majani ya muhogo. Papa alikuwa amepata simu ya kufungua makala za wenzake wa dunia, na alikuwa na tabia mbaya ya kusoma huku anakula. Mkono wake ukasimama na tonge.

"Ni bao," akasema.

Nilijua kabla sijatazama. Nilizunguka meza nikaona kwenye kioo, wamechorwa vizuri kwa mashine, vituo vya mviringo vyeusi, mistari iliyonyooka. Mmoja na tawi lake refu linalokwenda mbali peke yake. Mwingine amejikunja. Papa alisogeza ukurasa juu, akasogeza chini, akausogeza juu tena.

Maman alinawa mikono, akajifuta kwenye kitenge. "Leta nione."

Hakuwa amewahi kuwaona. Miaka yote ile alikataa, Papa alipotaka kumchorea alitoka chumbani. Sasa aliishika simu mbali kidogo na macho, shingo yake ngumu, akawatazama kwa makini kama anavyotazama samaki kabla ya kulipa.

"Njo hawa?"

"Njo bao."

"Tutoto tudogo hivi." Kidole chake kikagusa maandishi ya juu. "Na hapa bameandika nini?"

"Jina ya muntu."

"Ya kwako?"

"Hapana. Ya mwenye kubapata. Kijana moja wa mbali."

Sikuona hasira usoni mwake. Laiti ningeiona, hasira ya Maman nilikuwa nimeizoea na ilikuwa na mwisho wake. Alimrudishia Papa simu kwa mikono miwili, akakaa, akavuta sahani yake.

"Ungekuwa hata umebaandikisha, Papa Zawadi," akasema. "Mi nimebabeba miaka hii yote, na hawana baba."